Fundo la Mwisho la Mwatima

Haya, kaeni vizuri. Mwenye mhindi wake wa kuchoma autafune taratibu, maana mimi sishindani na meno ya mtu. Na anayeogopa buibui aseme sasa hivi ahamie kule mlangoni, asije akanipigia ukelele katikati ya hadithi. Hakuna? Shabash! Basi tuanze.

Leo nawaletea ukoo. Wafalme na majini mmeshasimuliwa mpaka mnajibu kabla ya kuulizwa. Mimi nawaletea ukoo wa buibui waliokaa kwenye ua wa michongoma, nyuma ya nyumba ya Bi Raya mfuga ng'ombe. Msinicheke. Nikimaliza, mwenye ukoo wa kujivunia kuliko huu anyooshe mkono, nami nitamwachia kiti changu.

Baba wa ukoo huo aliitwa Makame. Alikuwa mdogo, ukimweka juu ya ukucha wa kidole gumba anazunguka na nafasi inabaki. Kipaji chake kilikuwa hodi. Ala, mnashangaa nini? Buibui hana mlango, ana nyuzi. Dume akitaka kuingia kwa jike huugonga uzi wa utando kwa mguu wake, na kila buibui ana mdundo wake, ambao ndio jina lake. Akiuharibu mdundo, jike hudhani ni nzi kanasa, na mgeni hugeuka kitoweo. Makame hakuuharibu hata siku moja. Mdundo wake ulikuwa ti-ti-taa, ti-ti-taa, na walioujua wanasema ukiusikia unajikuta umeshamkaribisha.

Mama aliitwa Mize. Huyo alikuwa mkubwa, mweusi, mwenye tumbo la heshima. Kipaji chake kilikuwa taya. Alichokishika Mize kimeshikwa, hakichomoki. Mdundo wake ulikuwa pigo moja tu, zito: taa.

Watoto wao walikuwa wengi kuliko punje za suke la mtama, na kipaji chao kilikuwa huo huo wingi. Naona mnatazamana. Wingi nao ni kipaji? Subirini, msinikimbize.

Na katika watoto hao mmoja ndiye Mwatima, na hadithi hii ni yake. Kipaji cha Mwatima ni kipi? Hilo ndilo lililomsumbua mwenyewe asubuhi ile ninayotaka kuwapeleka.

Asubuhi hiyo Mwatima alikuwa ametaga mayai yake ya kwanza. Alitandika kitanda cha hariri, akayashusha mayai pale, madogo, ya manjano, yamegandana, mpaka tumbo lake likasinyaa likabaki ngozi. Kisha akayafunika kwa hariri nyingine, akazungusha na kuzungusha, mpaka ikawa kifuko cha mviringo kisicho na tundu, isipokuwa pale pa kufungia fundo la mwisho. Akakitazama. Moyo ukamjaa. Alijiona mkubwa kuliko ng'ombe wote wa Bi Raya.

"Mimi Mwatima," alisema peke yake, "nimefanya hiki!"

Sasa, ua ule ulikuwa na ada yake. Mama anapofunga fundo la mwisho, hariri ingali mbichi, hugonga pale mara moja mdundo wa yule aliyemfikisha hapo alipo. Mdundo hupita kwenye hariri ukaingia mpaka kwenye mayai, na watoto hutoka wakiujua kabla hawajajua kitu kingine chochote. Wataugonga wao, na wana wao nao wataugonga. Buibui hana kaburi, hana picha ukutani, hana wa kumsomea hitima. Ana fundo tu. Aliyegongwa kwenye fundo anabaki, na asiyegongwa anasahaulika kama hakuwahi kuishi. Na fundo ni moja, linapokea mdundo mmoja, na likishakauka halipokei tena.

Mwatima akafunga fundo. Akainua mguu. Ukabaki hewani, kwani hakujua agonge jina la nani.

Jamaa nao walikuwa wameshafika. Nyinyi mwajua, shughuli haikosi jamaa. Alikuwapo shangazi Time, dada yake Makame, kikongwe mwenye ulimi mkali. Alikuwapo mama mdogo Jokha, mdogo wake Mize, naye kwa maneno hakuachwa nyuma. Na alikuwapo Vuai, kaka yake Mwatima, aliyetoka naye kifuko kimoja, mwenye miguu pungufu upande wa kushoto. Kila mmoja alikaa kwenye mwiba wake, mbali na mwenzake, wakiongea kwa kugonga nyuzi. Buibui wanapendana sana jamani, ila kwa mbali. Wakisogeleana, mmoja huondoka ameshiba na mwingine haonekani tena.

"Mwatima mwanangu," akaanza shangazi Time, "unasita nini? Gonga ti-ti-taa tukapumzike."

"Gonga taa," akadakia mama mdogo Jokha. "Pigo moja tu, wala halichoshi mguu."

"Wewe Jokha, ngoja zamu yako! Nimetangulia kuzaliwa, nitatangulia na kusema." Shangazi akajiweka sawa kwenye mwiba wake. "Mwanangu, baba yako hukumwona. Basi nikwambie. Alianza kwa kufuma kitambaa kidogo cha hariri, akaiweka hapo mbegu yake, tone moja. Kisha akalifyonza lile tone kwenye vikono vyake viwili vya mbele, hivi vilivyo kando ya mdomo, nusu huku, nusu huku."

Wakubwa, msitazame chini. Ndivyo buibui walivyoumbwa, wala wenyewe hawaoni haya. Nanyi wadogo, sikilizeni, haya ni maarifa.

"Baada ya hapo," shangazi akaendelea, "akakamata nzi. Si nzi hawa wa kupeperuka na kila upepo, nzi wa zizini, mnene, wa kumetameta. Akamfunga kwa hariri, akamzungushia mpaka akawa mweupe wa kupendeza. Hiyo ndiyo mahari. Naye alikuwa na njaa, Mwatima! Aliitembeza mahari hiyo ua mzima na hakuilamba. Alipofika kwa mama yako akagonga. Ti-ti-taa. Mama yako akasema karibu, akaipokea mahari, akaanza kula. Na huku anakula, baba yako akafanya kazi ya mkono wa kwanza."

"Yote hayo tunayajua," Jokha akasema.

"Hujui unachokijua. Nzi alipofika nusu, baba yako alikuwa bado na nafasi ya kukimbia. Madume wenye akili zao hukimbia hapo. Mimi nilikuwa kwenye mwiba wa juu, nikampigia kelele: Makame! Toka, nzi anakwisha! Akanitazama, akaniambia: Dada, bado mkono mmoja. Nikamwambia: Achana na mkono, okoa roho! Akasema: Nusu ya mbegu ni nusu ya watoto. Akarudi."

Shangazi akajivuta mbele kwenye mwiba wake.

"Nzi akaisha, kazi ikaisha, na mama yako akageuka bado ana njaa. Nilimwona kwa macho yangu yote manane. Baba yako hakupiga kelele. Nguvu ya mwili wake ndiyo iliyokwenda kujaza mayai. Basi kila mtoto wa kifuko kile Makame alimpa mara mbili, mbegu na nyama yake mwenyewe. Kama si mkono ule wa pili, labda wewe usingekuwamo. Sasa niambie, nani amekufikisha?"

Mwatima akasikia fahari ikimpanda mpaka kwenye ncha za miguu. Yeye mume wake mwenyewe alikimbia mkono wa kwanza tu ulipokwisha, na mpaka leo anajisifu huko kwenye mpera kwamba ni mjanja. Makame hakukimbia. Mwatima akaushusha mguu kidogo kuelekea kwenye fundo.

"Hebu ngoja!" Jokha akaugonga uzi kwa nguvu hata ua ukatikisika. "Makame nampa heshima yake. Lakini kazi ya Makame ilikwisha kabla ya adhuhuri. Ya dada yangu je? Mwatima, mtoto wa dada yangu, nisikilize. Mama yako alitaga kama ulivyotaga wewe leo. Kisha akakichukua kifuko kwa taya zake, hivi, akakibeba. Hakukiweka chini. Sasa buibui mwenye kifuko mdomoni anakula na nini?"

"Hali," Mwatima akajibu polepole.

"Hali! Nzi walikuwa wanakuja wanamtua mgongoni, wanamkejeli. Nilimwambia: Dada, kiweke hapo kwenye tawi, ule kidogo, mimi nakichunga. Akanitazama vile alivyokuwa anatazama. Akaondoka." Jokha akacheka kidogo. "Alikuwa na haki. Nilikuwa na njaa siku hiyo, na mayai ni mayai."

"Mnaona!" shangazi Time akasema. "Huyu ndiye mtetezi wenu."

"Nasema kweli ya Mungu, wewe ficha yako. Ikaja mvua ile iliyoangusha banda la kuku la Bi Raya. Ua ukawa mto. Mize akapanda mchongoma na kifuko chake mdomoni, maji yanamfuata, akakaa kwenye jani la juu kabisa mpaka kukakauka. Akaja nyigu. Mnamjua nyigu, hataki kukila kifuko, anataka kukitoboa aweke mayai yake, ili wanawe wawale wana wako kutokea ndani. Mize akapigana naye, mdomo umejaa, kwa miguu mitupu. Akapoteza miwili. Nyigu akaondoka. Na siku zenu zilipofika, ni yeye aliyekichana kifuko, maana nyinyi na vijino vyenu msingeweza. Akawafungia majani kwa hariri, likawa hema, akasimama mlangoni. Yaliyobaki unayajua mwenyewe, ulikuwapo."

Alikuwapo, ndiyo. Mwatima alikumbuka hema lile, joto la ndugu juu ya ndugu, na mgongo wa mama yake mlangoni, umekonda, umekwaruzika. Siku moja alijipenyeza mpaka kwenye mguu wa mama akamwuliza.

"Mama, mbona umetuzaa wengi hivi? Hata majina yetu huyajui."

"Kweli siyajui," Mize alimjibu. Sauti yake ilikuwa imeshakuwa ndogo. "Kuna nyigu, kuna mjusi, kuna shore, kuna mvua, na kuna nyinyi kwa nyinyi mkishikwa na njaa. Watakaofika ukubwani ni wachache mno. Ningemjua atakayefika, ningemzaa huyo peke yake nikala nikalala. Simjui, mwanangu. Ndiyo maana nimewazaa nyote, na kila mmoja nimemzaa kama ndiye."

Kesho yake Mize hakusema neno. Alikuwa amesimama vile vile, taya mbele, uso nje. Nyigu akarudi. Akazunguka, akamtazama mama yule, akaziona zile taya, akakumbuka. Akaenda zake. Hakujua kwamba alikuwa anaogopa maiti. Watoto nao hawakujua mpaka upepo ulipompiga Mize akaanguka mwepesi kama ganda la kitunguu.

Sasa mnatulia, ee? Mhindi umepoa mkononi. Vizuri.

Mwatima akaupeleka mguu kwenye fundo kugonga taa. Hapo ndipo Vuai aliposema. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza.

"Dada. Na wale?"

"Wale nani?"

"Usinifanyie hivyo. Wale."

Mwatima alijua. Siku ya kuondoka hemani, watoto wote walipanda ncha ya mchongoma mrefu kuliko yote. Ndivyo watoto wa buibui wanavyosafiri. Hupanda juu, huinua makalio, huachia uzi mwembamba, na upepo ukiupenda uzi humchukua na mwenyewe. Wakikaa pamoja watalana, kwa hiyo lazima waachane. Ncha ile ilikuwa na nafasi ya mmoja kwa zamu, na msururu ulishuka mpaka chini kwenye hema. Mbele ya Mwatima hapakuwa na mtu. Zamu yake ilikuwa imefika. Nyuma yake alikuwa kaka yake Pandu, mcheshi, asiyejua kunyamaza.

Na shore akaja. Yule ndege mwenye kishungi kichwani, mwenye kelele. Alitua kwenye tawi la pembeni akaanza na waliokuwa chini kwenye msururu, anadonoa, anameza, anadonoa, anameza. Walikuwa wengi na hawakuwa na pa kukimbilia. Huko chini mjusi naye alikuwa anachukua fungu lake. Vuai alikuwa kule kule, na miguu yake ilibaki mdomoni mwa mjusi huyo.

Mwatima pale juu aliganda. Chini kifo, na mbele hewa tupu.

"Ruka basi!" Pandu akamwambia.

"Siwezi. Pita wewe."

"Haya, nipishe. Lakini ukinikuta huko nimemaliza nzi wote usilie!" Pandu akampita, akasimama kwenye ncha, akainua makalio, akaanza kuachia uzi huku anacheka. Shore akapanda tawi moja juu. Akamdonoa Pandu.

Halafu ndege akaufuta mdomo wake kwenye mwiba, upande huu na upande huu. Akamtazama Mwatima, karibu kabisa, kwa jicho lile la duara. Akaruka akaenda zake.

"Yule ndege hakukuonea huruma, dada," Vuai akasema. "Alishiba. Nani walimshibisha? Mjusi naye aliniachia nikiwa nusu mdomoni, kwa sababu tumbo lilikataa. Nani walimjaza? Baba alitoa mwili wake kwa kupenda, mama alijinyima kwa kupenda, na wote wawili wana wa kuwasemea. Wale hata hawakuulizwa. Wangekuwa wachache, ndege angetumaliza wote na bado akatafuta kifungua kinywa. Wingi wao ndio ulioziba ule mdomo. Sisi tumepita juu ya matumbo yaliyojaa ndugu zetu."

Nami nawaulizeni, sasa wingi ni kipaji au si kipaji? Jibuni moyoni, sijafika mwisho.

Shangazi Time ndiye aliyejibu kwanza. "Lakini mwanangu Vuai, agonge nini? Mdundo buibui huupata siku anapofuma utando wake wa kwanza. Pandu hakufuma. Hakuna hata mmoja wao aliyefuma. Hawana jina."

"Najua. Basi asigonge. Aliache fundo likauke kimya. Kimya hicho ndicho jina lao."

"Mtume!" Jokha akashtuka. "Watoto watatoka hawajui wao ni wa nani! Watadhani mama yao alisahau!"

"Au watajua kwamba alikumbuka."

"Watajuaje? Kimya cha kusahau na kimya cha kukumbuka vina tofauti gani, wewe?"

Vuai akaukunja mguu wake uliobaki upande wa kushoto.

Ndipo Mwatima mwenyewe alipopandisha sauti, na sauti ilitoka na hasira kidogo.

"Na mimi je?"

"Wewe umefanyaje?" shangazi akauliza.

"Nimefika! Shore alipoondoka mimi nilikuwa peke yangu pale nchani, natetemeka, na uzi wa Pandu bado unapepea bila mwenyewe. Nilikuwa na ruhusa ya kurudi hemani nikafie huko. Sikurudi. Niliinua makalio, nikatoa uzi wangu, nikaruka. Upepo ulinibeba nikauona ulimwengu wote chini yangu. Nikaangukia kwenye hodhi la maji ya ng'ombe, nikatembea juu ya maji. Ngozi ilinibana nikajivua, tena na tena, na kila nikijivua nilikuwa laini hata sisimizi angeniua. Nilifuma utando wangu wa kwanza, ng'ombe akaupitishia mkia. Nikafuma tena, akaupitishia tena. Nikafuma mpaka ng'ombe akachoka yeye! Nilivuka dunia peke yangu, mimi!"

"Ulivuka zizi," shangazi Time akasema, na hakuweza kujizuia kucheka. "Mwanangu, toka mchongoma ule wa mama yako hadi huu wako, Bi Raya huvuka na ndoo ya maziwa huku anaimba."

"Kwa miguu yake! Kwa yangu ni dunia."

Na hapo, nasema haki, hata shangazi aliacha kucheka. Yeye pia alikuwa amewahi kuruka, zamani, akadhani kavuka dunia.

"Upepo ndio uliokubeba," Jokha akajaribu.

"Upepo ulipita kwa wote. Aliyeutolea uzi ni mimi, na hicho ndicho kipaji changu. Baba akitoa mikono kumi na mama akifunga mdomo mwaka mzima, na ndugu zangu wakijaza matumbo ya ndege wote wa nchi hii, nami nikabaki pale nchani nimeganda, leo kifuko hiki kingekuwako? Mdundo wangu ni taa-ti, nami siuonei haya."

"Hakuna mama aliyewahi kujigonga mwenyewe," shangazi akasema polepole.

"Ada inasema aliyenifikisha. Haisemi asiwe mimi."

Wakatazamana wote. Ada kweli haikusema.

Wakati wanabishana, fundo lilikuwa linafanya kazi yake. Ung'avu wa ubichi ulianza kufifia pembeni, ukawa unasogea katikati. Jua lilikuwa limepanda juu ya zizi. Na kutoka upande wa zizi ikasikika sauti nyembamba ya kukereza ambayo kila buibui anaijua. Nyigu. Alikuwa bado mbali, lakini alikuwa anakuja, na kila mmoja pale alijua anakuja kutafuta nini.

"Mwatima," Jokha akasema, safari hii kwa sauti ya chini, "gonga ukichukue uondoke. Jina lolote. Gonga."

Mwatima akafungua taya zake akakishika kifuko. Kilikuwa kizito kuliko alivyotarajia. Ladha ya hariri ikamjaa mdomo, na akaelewa kwamba hatakula tena mpaka watoke. Hakuogopa. Alijisikia fahari kubwa, fahari ya baba yake aliyesema bado mkono mmoja, na ya mama aliyeogopwa hata baada ya kufa, na ya Pandu aliyekufa anacheka, na yake mwenyewe aliyeruka huku anatetemeka. Zote zilikuwa ndani yake kwa wakati mmoja na zote zilidai mguu ule mmoja.

Akayasikia mayai yakigusana ndani ya kifuko. Hakulijua hata moja. Mle ndani yumo atakayesema pita wewe, na yumo atakayepita, na mama yao hawezi kuwatenganisha. Wote walikuwa wanangoja mdundo.

Mguu uko juu. Fundo limebakiwa na kidoa kimoja kibichi katikati, na nyigu ameshavuka zizi.

Basi, mimi naishia hapo. Msinivute shuka, siendelei. Na asiniambie mtu agonge wote, maana fundo ni moja na linapokea mdundo mmoja. Wala asiniambie mtu hadithi ya buibui haimhusu, kwa sababu na wewe hapo ulipokaa yupo aliyerudi na mkono wa pili, yupo aliyefunga mdomo wake ukabaki wewe, wapo waliokatika njiani ukapita, na upo wewe uliyeruka. Ti-ti-taa kwa Makame, taa kwa Mize, taa-ti kwa Mwatima mwenyewe, au kimya kwa Pandu na wale wasio na jina.

Haya semeni, mguu wa Mwatima ungekuwa wako, ungemgongea nani? Na ungekuwa mtoto mle ndani, ungependa usikie nini?